Asili ya Majina ya Vifaa vya Kuandikia

  



Leo nakusudia kuzungumza juu ya maneno machache ambayo hapana nyumba yenye mwanafunzi isiyoyatumia kila siku: kalamu, karatasi, daftari, dawati, penseli, chaki. Sikuyachagua kwa kupenda elimu ya lugha tu. Nimeyachagua kwa sababu ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe, nami naona ni haki nilieleze hapa hapa, kwani nililitenda mbele ya watu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha chuoni hapa Rasbura, baada ya sala ya Alasiri. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenye bidii na hifadhi nzuri, aliinua mkono akasema: "Samahani, Maalim. Nimesoma kitabuni kwamba kalamu asili yake ni neno la Kiyunani, na karatasi vilevile. Nayo yote mawili yamo ndani ya Qur'ani, na sisi tunafundishwa kwamba Qur'ani imeteremka kwa Kiarabu. Imekuwaje?" Nilimkemea. Nikamwambia kwamba maneno ya namna hiyo hutungwa na watu wanaotaka kuwatia Waislamu shaka, na kwamba mwanafunzi mwenye adabu hayaleti chuoni. Kijana akainamisha kichwa, akakaa. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Baada ya wiki mbili nikakutana na baba yake sokoni, naye kwa haya nyingi akaniambia alilolisema mwanawe nyumbani: "Maalim hajui, na asiyejua akiulizwa hukasirika."

Neno lile lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Usiku ule nilivifungua vitabu nilivyovisoma ujanani, na jawabu likawamo, kurasa chache tu mbele ya pale nilipokuwa nimeishia.

Tuanze na kalamu. Mimi nilipotiwa chuoni hatukununua kalamu dukani. Tulishuka mpaka kingo za mto Lukuledi, karibu na unapoingia baharini, tukakata matete, tukayaanika hata yakakauka, kisha mwalimu akayachonga kwa kisu: kwanza mshazari, halafu akaipasua ncha ufa mwembamba ili wino ushuke polepole. Wino tuliupika wenyewe. Mchele ulikaangwa katika kigae hata ukawa mweusi kama makaa, ukasagwa, ukatiwa maji na gundi ya mti ili ushike juu ya ubao. Somo lilipokwisha kuhifadhiwa, ubao ulioshwa ukaandikwa upya.

Basi Wayunani wa kale tete lile lile la mtoni waliliita *kalamos*, na Warumi *calamus*. Walilichonga wakaliandikia, na jina la mmea likageuka kuwa jina la chombo. Wanalugha wa Kiarabu nao wana maelezo yao. Wao huliunganisha neno qalam na maana ya kukata na kupunguza, kama isemwavyo taqlim ya kucha, ambayo ni katika sunna za maumbile. Tena husema kwamba tete lisilochongwa haliitwi kalamu, ni tete tu. Katika Sura ya Al-Imran, aya ya 44, zimetajwa kalamu walizozitupa watu walioshindania malezi ya Bibi Maryamu, na wafasiri wengine wamesema vilikuwa vijiti vya kura, wengine wakasema ni kalamu zao hasa walizoziandikia Taurati. Wachunguzi wengi wa lugha wa siku hizi huona kwamba neno lilitoka kwa Wayunani likawafikia Waarabu zamani sana, kabla ya Uislamu.

Hapa wavuvi wetu wanisikilize. Warumi walikuwa na kibweta cha kuwekea kalamu, nacho kikaitwa kwa jina lililotokana na calamus. Kutoka jina hilo Wataliano wakampa ngisi jina la *calamaro*, na wageni wakiagiza kalamari hotelini, huyo ndiye wamtakaye. Sababu yake ni nini? Ni kwamba ngisi ana wino wake mwenyewe, na ndani ya mwili wake mna kijiti chembamba chenye kung'aa, mfano wa kalamu. Kila aliyempasua ngisi katika pwani hii ya Lindi amekishika kijiti hicho na kukitupa, asijue kwamba ametupa kalamu.

Ama karatasi, hili limetajwa katika Sura ya Al-An'am, aya ya 7, kwa umoja, na katika aya ya 91 kwa wingi. Wayunani walisema *khartes*, na kwao lilikuwa jina la ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo ya Misri, yale majani marefu ya majini ambayo hata kwetu huota katika mito na maziwa. Walichana moyo wa funjo vipande vyembamba, wakavipanga tabaka mbili zikipishana, wakazigandamiza zikakauka. Karatasi tunayoijua sisi, ya matambara na nyuzi za miti, ni kazi ya Wachina. Katika nchi za Kiislamu ilienea katika karne ya 8, na Baghdad ikawa na kiwanda chake kabla ya karne hiyo kwisha. Kwa hiyo wale walioisikia aya ile kwa mara ya kwanza hawakuwaza kitu hiki tunachokinunua kwa bunda. Kitu kilibadilika, jina likabaki.

Sasa tulifikie swali la kijana. Wanazuoni wetu walilijua jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wala hawakulificha. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, alikataa kwa nguvu kwamba Qur'ani ina neno lisilo la Kiarabu, akasema lugha ya Waarabu ni pana mno hata hapana awezaye kuizunguka yote ila Nabii, na kwa hiyo mtu huweza kulidhani neno ni geni kumbe ni yeye asiyelijua. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 923, alisema kwamba lugha mbili zaweza kukutana katika neno moja. Wengine walitaja mapokeo kutoka kwa Ibn Abbas na wanafunzi wake, ambao walieleza maneno kadhaa ya Qur'ani kwa kuyarudisha kwenye lugha ya Kihabeshi, Kifursi na nyinginezo. Na Al-Jawaliqi, aliyefariki mwaka 1145, alitunga kitabu kizima juu ya maneno ya kigeni yaliyoingia katika Kiarabu, na kuhusu karatasi alitaja kauli kwamba asili yake si ya Kiarabu.

Aliyewapatanisha ni Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 838, na kauli yake imenakiliwa na Imamu Suyuti katika Al-Itqan. Alisema kwa maana hii: maneno hayo asili yake ni ya watu wengine, wakayachukua Waarabu, wakayageuza kwa ndimi zao hata yakawa Kiarabu, kisha Qur'ani ikateremka, nayo yamekwisha kuchanganyika na maneno yao. Kwa hiyo asemaye ni ya kigeni amesema kweli, na asemaye ni ya Kiarabu amesema kweli vilevile. Mimi naona hii ndiyo kauli iliyo sawa, na haina haja ya kutiwa chumvi. Mtu wa Makka aliposikia neno qalam hakuhitaji mkalimani.

Suyuti huyo huyo amenakili kisa kingine ambacho laiti ningalikikumbuka siku ile ya kumkemea kijana. Qur'ani ilipokusanywa katika zama za Sayyidna Abu Bakar, masahaba walitafuta jina la kuuita mkusanyo ule. Mmoja alitaja jina, likachukiwa kwa kuwa lilikuwa likitumiwa na Mayahudi kwa kitabu chao. Ndipo aliposema mwingine kwamba kule Uhabeshi amekiona kitu kama kile kikiitwa mushaf, wakaafikiana. Kwa riwaya hiyo, msahafu tunaoubusu umepewa jina lililosikiwa katika nchi ya Wakristo, na waliolikubali ni masahaba.

Maneno mengine nitayapitia kwa haraka. Daftari limetujia kutoka Kiarabu, Waarabu wakalipata kwa Wafursi, nao Wafursi kwa Wayunani, ambao kwao *diphthera* ni ngozi iliyosafishwa. Mwanahistoria wao Herodotus ameandika kwamba Wayunani wa Ionia waliendelea kuviita vitabu ngozi, kwa kuwa zamani, mafunjo yalipokuwa adimu, waliandika juu ya ngozi za mbuzi na kondoo. Kutoka neno hilo hilo madaktari wa Ulaya wameuita ugonjwa wa dondakoo *diphtheria*, kwani huota utando kama ngozi kooni mwa mtoto. Kina mama wanaopeleka watoto kliniki kuchanjwa dondakoo, basi, wanataja jambo moja na mtoto anayedai kununuliwa daftari.

Dawati nalo limehama. Kwa Mwarabu, dawat ni kidau cha wino. Kidau kiliwekwa pamoja na kalamu ndani ya kisanduku cha mwandishi, jina likakienea kisanduku, kisha sisi tukaliweka juu ya meza nzima ya kuandikia. Mwanafunzi anayekaa kwenye dawati, kwa asili ya neno, amekaa kwenye kidau. Mstari umetokana na mistara, na mistara ilikuwa kibao kilichotandikwa nyuzi zilizonyoka. Karatasi iligandamizwa juu yake kwa kidole, ikabaki na alama za mistari pasipo tone la wino. Waraka ni jani la mti. Ukurasa umetokana na kurrasa, yaani karatasi kadhaa zilizokunjwa na kushonwa pamoja, neno ambalo Waarabu walilipata kwa watu wa Kisuryani. Sisi tulisikia sauti ya mwanzo, tukafanya kurasa kuwa wingi, na umoja wake tukautunga wenyewe. Ndivyo tulivyofanya kwa kitabu pia: ki- ya Kiarabu ni sehemu ya shina, tukaifanya kama ki- ya kiti, tukasema vitabu. Kama Waarabu waligeuza maneno ya Wayunani kwa ndimi zao, nasi tumeyageuza ya Waarabu kwa zetu, kwa njia ile ile aliyoieleza Abu Ubayd.

Lakini tazameni jambo hili. Wino hatukuuita midad wala hibri, kama waitavyo Waarabu. Ubao ni ubao wetu, ule ule wa mlango na wa jahazi. Na kitendo chenyewe, kuandika, hatukukiazima kwa mtu. Kuandika kwa asili ni kupanga vitu na kuviweka mahali pake. Hata leo wazee husema kuandika meza, yaani kupanga sahani na chakula kwa ajili ya wageni. Wazee wetu walipoona herufi zikipangwa safu kwa safu juu ya ubao, hawakwenda mbali kutafuta neno. Vyombo vilikuja kwa majahazi, kazi ilipata jina lake hapa.

Nayo kazi hiyo ilifanywa hapa kwa muda mrefu. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India, zimo barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711 zikiwa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na miongoni mwa waandikaji wake ni Fatima, malkia wa Kilwa. Watu wa pwani waliandika barua, hati za mashamba, mirathi na madeni kwa herufi hizo karne nyingi. Kisha ikaja serikali ya Kijerumani, na baada yake ya Kiingereza, zikashika herufi za Kirumi shuleni na maofisini. Na kuanzia mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Kiswahili sanifu kikawekwa kwa herufi hizo hizo. Sizishutumu herufi, khutba hii mnaisoma kwa herufi za Kirumi, nami nimeziandika kwa mkono wangu. Ninalolisema ni kwamba mzee aliyekuwa akiandika tangu utotoni alijikuta akihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, naye aliitwa darasani pamoja na wazee wenziwe chini ya mwembe, akapewa daftari jipya na penseli. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nikamfuata kwa kuwa alinunua visheti njiani. Kijana aliyefundisha alimshika mkono kwa heshima, akamwonyesha jinsi ya kushika penseli, akamwambia, "Babu, hivi." Babu akaitikia, "Ahsante, mwanangu," akachora herufi yake ya kwanza kutoka kulia. Darasa zima likacheka, naye akacheka zaidi ya wote. Alihudhuria mpaka mwisho akafaulu. Ila nyumbani aliendelea kuandika mambo yake kwa namna yake, katika daftari la zamani lenye jalada la ngozi, na kila akiiona penseli ile aliiita kalamu ya risasi.

Jina hilo, kalamu ya risasi, lina kosa ndani yake ambalo si letu. Katika karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, kulichimbwa kitu cheusi kilaini kilichoacha alama kikisuguliwa. Watu wakadhani ni aina ya risasi, madini mazito yanayotengenezewa chubwi za nyavu, na dhana hiyo ikasafiri pamoja na kifaa mpaka kwetu. Mwaka 1779 mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alithibitisha kwamba si risasi hata kidogo, bali ni jamii ya makaa. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akapata njia ya kukisaga, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma, na penseli za leo zingali zikitengenezwa kwa njia hiyo. Neno penseli lenyewe kwa Kilatini ni kijimkia, yaani brashi ya mchoraji. Na peni ni unyoya wa ndege. Ama kitu cheusi kilichomo ndani ya penseli, sisi tunakiita kinywe, nacho kimo ardhini katika mkoa wetu huu, wilayani Ruangwa, sehemu za Chilalo, na siku hizi hutafutwa kwa ajili ya betri kuliko kwa ajili ya penseli.

Chaki ina kosa la namna hiyo hiyo. Kwa asili ya Kilatini ni chokaa, ile iliyojengea misikiti ya Kilwa. Lakini chaki nyingi za shuleni zimetengenezwa kwa jasi, nayo jasi huchimbwa Kilwa upande wa Makangaga.

Narudi kwa kijana. Nilipokwisha kuyasoma hayo, nilimwendea nyumbani kwao baada ya Magharibi. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikamwambia mbele ya baba yake kwamba swali lake lilikuwa swali la wanazuoni na kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Maalim, na Imamu Shafii je, alikosea?" Nikamjibu kwamba Shafii alikuwa akiilinda lugha, Abu Ubayd akieleza historia yake, na kwamba ajapo chuoni tutazisoma kauli zote mbili kwa Kiarabu chake, asitegemee maelezo yangu. Akaja Jumatatu.

Mwezi uliofuata nilimpa lile daftari la babu yangu aliandike upya kwa herufi za Kirumi, kwani macho yangu yamepungua nguvu na wino wake wa mchele umefifia. Kazi imekuwa ndefu. Pana kurasa zilizoliwa na mchwa, na pana maneno ya Kimwera aliyoyaandika kwa herufi zisizo na sauti za kutosha. Katika ukurasa wa tatu tulikuta siku aliyozaliwa baba yangu. Chini yake, kwa mkono ule ule, imeandikwa kwamba babu alikopa pishi mbili za mtama kwa jirani yake katika mwaka wa njaa. Madeni mengine yote ya ukurasa huo yamepigwa mstari, hilo halikupigwa. Jina la mwenye kudai linasomeka vizuri, na la baba yake. Nimeambiwa kizazi chake kilihamia upande wa Mchinga, nami tangu wiki iliyopita nimeanza kuwatafuta warithi wake.